Andikeni kuhusu saa 48 za kwanza

Kwa Mhariri,

Nimewasoma kwa miaka mingi bila kuwaandikia. Ripoti yenu ya wiki iliyopita kuhusu mkutano wa amani wa wafugaji kule kaskazini mwa Kenya ndiyo imenitoa kimya. Picha ya wazee wakishikana mikono ilijaza nusu ya ukurasa, na kichwa cha habari kikatangaza kuwa uhasama umekwisha. Nimeisoma mara mbili. Hakuna palipoandikwa ni ng'ombe wangapi walioibwa, wangapi wamerudi, nani aliyewahesabu, wala nani anawatafuta waliobaki. Hayo ndiyo yatakayoamua kama mwezi ujao watu watauana.

Vita vya mifugo huanza na vijana wachache wanaoswaga kundi usiku. Kuanzia hapo kuna kama saa 48 za kuvizima, na kazi yenyewe inajulikana. Aliyeibiwa anampa chifu idadi, rangi, chapa na alama za masikio. Wafuata nyayo wanaondoka mapema, kabla mvua haijanyesha au kundi jingine halijapita njia ileile. Nyayo zikiingia eneo la wenzao, wanasimama hapo na kuwakabidhi wafuata nyayo wa upande wa pili mbele ya wazee wa pande zote mbili, asije mtu akasema wamevamiwa. Wakati huohuo mzee wa huku ameshampigia simu mzee wa kule, kabla vijana hawajakusanyika. Ng'ombe wakipatikana wanahesabiwa na wote, na anayetajwa ni mwizi kwa jina lake.

Ruka hatua moja uone. Aliyeibiwa 20 akisema 80, wenzake watarudisha 20 na kuambiwa bado 60, na hao 60 watatafutwa kwa bunduki. Gari la chifu likikosa mafuta, nyayo zinafutika na lawama inabaki kwa jamii nzima. Kundi likishapakiwa kwenye lori kwenda mnadani, hakuna nyayo za kufuata tena. Kwa hiyo madalali na wenye malori walistahili viti katika kamati za amani, na sijaona mwandishi wenu hata mmoja akiwauliza swali.

Linaloniudhi zaidi ni vichwa vyenu vya habari. "Kabila fulani lavamia kabila fulani." Kabila halivamii! Wanaovamia ni watu wenye majina, wenye wazazi, wanaojulikana kisima wanachonyweshea. Mkiandika kabila, mmewapa wauaji maficho na mmewafanya wasafiri, walimu na watoto wa kabila hilo kuwa shabaha. Turbi, wilayani Marsabit, Julai 2005, wavamizi waliua watu wengi wakiwemo watoto wa shule ya msingi. Siku hiyohiyo, kule Bubisa, abiria wasiohusika walishushwa garini na kuuawa kwa sababu tu walikuwa wa kabila lililolaumiwa. Mnayajua haya, yamo katika kumbukumbu zenu. Mwaka jana nilipiga simu kwenye chumba cha habari kuomba jina la kabila liondolewe kwenye kichwa cha habari mpaka wafuata nyayo warudi. Nilijibiwa kwamba bila kabila habari haisomwi. Jioni yake redio zilikuwa zimeshakisoma kichwa hicho, na kesho yake kikawa kinazunguka kwenye simu kikiwa na idadi ya vifo iliyoongezwa.

Mngetaka mfano wa kuandika, Wajir, kule kaskazini mashariki mwa Kenya, ipo. Mwaka 1993, koo zikiwa zinauana, wanawake walianzia sokoni: walihakikisha kila mwanamke anaweza kununua na kuuza bila kuulizwa ukoo wake, na mwenye kubughudhiwa alikuwa na mahali pa kushtaki. Kisha wakawafuata wazee, na usuluhishi ukaongozwa na wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa zikigombania ukubwa. Kikaundwa kikosi cha wazee, akina mama na maafisa wa serikali cha kukimbilia kila tukio lilipotokea. Dekha Ibrahim Abdi, mmoja wa wanawake hao, alipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007. Kazi yao haikuishia kwenye tamko. Tamko lilikuwa na watu wa kulisimamia kila siku.

Na kwa kuwa nimewataja wanawake, kuna jambo jingine. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, makubaliano ya amani ya wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, lilikuwa na mengi mazuri: anayehama kutafuta malisho aombe kwanza ruhusa ya wazee na machifu wa aendako. Lakini fidia ya mwanamume aliyeuawa liliiweka kuwa mifugo 100, na ya mwanamke 50. Walioanzisha amani sokoni walihesabiwa nusu, na magazeti yamepita hapo kama hayakuona. Mmepita vilevile kwenye visima. Kisima kinachimbwa katikati ya malisho ya kiangazi kabla wenye malisho hawajakubaliana nani atanywesha na lini. Baada ya misimu miwili panakuwa kijiji, nyasi zimekwisha, na bunduki zinafuata. Ninyi mnapiga picha ya uzinduzi.

Naomba mambo mawili. Kwanza, kila Jumatatu tengeni safu moja yenye namba nne kwa kila kaunti ya wafugaji: mifugo iliyoripotiwa kuibwa, iliyofuatwa, iliyorudishwa, na siku zilizopita kabla ya kurudishwa. Pili, mwandishi aliyepiga picha ya mkutano arudi palepale baada ya siku 30, awaulize waliosaini kama kamati imepata pikipiki mbili, lita 40 za petroli kwa mwezi na salio la simu kwa wazee wanne wa kila upande. Majibu yao yachapishwe ukurasa uleule ilikotoka picha, kwa ukubwa uleule.

Ni mimi msomaji wenu,
Mfuatiliaji wa kamati za amani