Barua kwa Rehema: omba Barrett

Tempe, Arizona

Rehema mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, na natumai wewe na wadogo zako hamjambo. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie habari ya wewe kukubaliwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona (ASU) imenipa furaha ambayo bado sijaimaliza.

Unaniuliza kama kuna haja ya kujisumbua na maombi ya Barrett, yaani chuo cha Honors cha hapa ASU, cha wanafunzi wanaotaka kusoma kwa kina zaidi, wakati chuo chenyewe umeshapata, na binamu yako anasema Honors ni pambo la cheti tu. Jibu langu ni omba, tena omba mapema.

Kwanza usiilinganishe na first class ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile inayokuja mwishoni GPA (wastani wa alama) ikifika 4.4 kati ya 5. Barrett ni chuo ndani ya chuo. Kina fomu yake na insha yake. Ukiingia, unasoma shahada ileile uliyoichagua, ila unatakiwa ukusanye krediti 36 za Honors na umalizie kwa tasnifu. GPA isishuke chini ya 3.25, na kumbuka GPA ya huku inaishia 4.

Sasa kwa nini nakusukuma. Kampasi ya Tempe peke yake ina wanafunzi zaidi ya 50,000. Kozi za mwaka wa kwanza, kemia na biolojia hasa, hufundishwa kwenye kumbi za mamia ya watu. Mhadhiri anaingia, anafundisha, anaondoka. Mtu anaweza kufaulu vizuri mwaka mzima bila profesa hata mmoja kulijua jina lake, kisha siku anapohitaji barua ya mapendekezo anakosa wa kumwandikia. Kwetu sisi tuliotoka mbali, tusio na mjomba wala shangazi katika nchi hii, hilo linanitia hofu kuliko mtihani wowote.

Barrett inaliziba pengo hilo tangu mwanzo. Kuna kozi yao ya mwaka wa kwanza iitwayo The Human Event, mihula miwili. Darasa ni dogo, mnakaa mkitazamana, mnasoma maandishi ya watu wa kale wa Mesopotamia, Uyunani, India na Uchina, halafu mnashuka karne kwa karne hadi zama zetu. Hakuna mhadhara. Profesa anauliza, ninyi mnajibizana, na mchango wako unahesabiwa kwenye maksi.

Hapa ndipo wengi wetu hupata shida, na nataka ujiandae. Sisi tumelelewa kwamba mwanafunzi mwenye adabu husikiliza, na anayempinga mwalimu mbele za watu ana kiburi. Huku ukinyamaza, profesa anadhani hujasoma. Kwa hiyo ingia darasani na sentensi moja uliyoipigia mstari na swali moja juu yake, na uliseme mapema, kabla mazungumzo hayajakupita. Usingoje Kiingereza kinyooke. Kiingereza chako kinaeleweka. Halafu una mambo wenzako hawana. Wakijadili jinsi watu wa kale walivyozika wafu wao au walivyogawana ardhi, wao wanayajua hayo kutoka kurasani, wewe umekaa msibani na umeona wazee wakipatanisha ndugu waliogombania shamba. Yaseme hayo. Profesa wangu alikuwa akiacha kuandika ubaoni ili asikilize.

Na nenda ofisini kwao. Shuleni kwetu kuitwa ofisini kulikuwa na maana moja tu, tena mbaya. Huku kila profesa ana saa zake za kupokea wanafunzi, na wanaokwenda ni wachache mno. Nenda hata kama huna tatizo, muulize anachokichunguza.

Mtindo huu wa kusoma kwa mjadala una historia yake. Frank Aydelotte, Mmarekani aliyesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, alipokuwa mkuu wa chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania alianzisha programu ya Honors mwaka 1922: wanafunzi wachache wanajadiliana na mwalimu wao, na mwisho wanatahiniwa na wasomi kutoka nje ya chuo. Swarthmore wanafanya hivyo hadi leo. Lakini kile ni chuo kidogo cha binafsi. Barrett ilianza 1988 ndani ya chuo cha umma, na jina ikalipata baadaye kwa Craig Barrett wa kampuni ya Intel na mkewe Barbara, waliotoa dola milioni 10. Naona ni jambo kubwa kwamba malezi ya namna ile yanapatikana pia mahali ambapo mtoto wa mkulima wa mahindi anaweza kufika.

Kuna kitu kingine wanakiita mkataba. Unaichukua kozi ya kawaida, unapatana na mhadhiri kazi ya ziada, mnaiandikisha mwanzoni mwa muhula, na kozi hiyo inahesabiwa kuwa ya Honors. Wengi huchukulia mkataba kama njia ya kukusanya krediti. Mimi nakuomba uutumie kumjaribu profesa: ni mtu wa kufanya naye kazi ndefu au la? Kwangu msimamizi wa tasnifu alipatikana kwa njia hiyo, katika kozi ya kemia ya maji.

Tasnifu yenyewe, Rehema, ndiyo sababu hasa ya barua hii kuwa ndefu. Unakumbuka meno ya wenzetu wa Usa River na Ngarenanyuki, yale ya kahawia tuliyoyazoea tukadhani ndivyo Mungu alivyowaumba? Ni madini ya floraidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inayaachia kwenye maji, na mtoto akiyanywa kwa wingi wakati meno yanaumbika, alama haifutiki tena. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Arumeru viko juu ya hapo. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimechuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nimezaliwa karibu na pale nikakipita kila siku. Ilibidi nije jangwani kwa watu wengine, ambao nao wana visima vyenye arseniki ya asili, ambayo ni sumu, ndipo niulizwe: wewe unataka kujua nini? Nikasema nataka kujua kwa nini mkaa ule unachoka haraka, yaani unaacha kuchuja, katika maji fulani. Profesa hakucheka wala hakunipa swali lake badala ya langu. Alinionyesha maabara na akanitaka nianze.

Hilo ndilo ninalolitaka kwako. Umepata divisheni wani kwa kujibu maswali ya watu wengine, na unastahili kupewa nafasi ya kujibu la kwako ukiwa bado kwenye shahada ya kwanza.

Kuhusu insha: usiandike umaskini. Wanaosoma maombi wameshasoma hadithi nyingi za kutembea kilomita kadhaa kwenda shule, na wewe si hadithi hiyo. Andika jambo unaloliwazia. Ile hoja yako kwamba wanawake wa soko la Kilombero pale Arusha wanaendesha benki yao wenyewe kupitia vikoba, na jinsi wanavyomjua wa kumkopesha bila karatasi yoyote, hiyo ni insha tayari. Ieleze, ibishie, onyesha mahali ambapo hujaridhika nayo.

Kuhusu fedha: Barrett hutoza ada yake ya ziada kila muhula. Waandikie wafadhili wako sasa hivi, uwaulize kwa maandishi kama wanailipa. Usitegemee kibarua kuifidia, kwa sababu viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 tu kwa wiki, tena ndani ya chuo, wakati wa masomo. Wakikukatalia, bado njia ipo: wanafunzi walioko ASU tayari wanaruhusiwa kuomba Barrett baadaye.

Na binamu yako mwambie hivi. Kuna ofisi hapa chuoni inayowaandaa wanafunzi kuomba tuzo kubwa za ufadhili. Fulbright ya wanafunzi wa hapa ni ya raia wa Marekani, hiyo tuisahau. Lakini Rhodes, ule ufadhili wa kusoma Oxford, una nafasi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, na ukitaka kuomba lazima uwe na walimu wanaokujua kwa kina. Cheti kitupu hakikupi walimu hao.

Nitumie rasimu ya insha Jumapili, hata ikiwa nusu. Nitaisoma usiku uleule na nitakuambia kweli. Pia niambie unafikiria kukaa bweni gani, nikutafutie mtu wa kukupokea uwanja wa ndege wa Phoenix.

Rafiki yako,
Zawadi