Anza na Moontan, mwanangu

Mwanangu Idrisa,

Huku Den Haag, Uholanzi, baridi imeshaanza kutuuma, ila mimi na mama yako hatujambo. Nimesikia mpiga gitaa wa bendi yenu anataka kutoka akatafute jina peke yake. Kuhusu hao Golden Earring, bendi ya roki ya hapa ninayokuchosha nayo kila siku, umeniuliza uanzie albamu gani.

Anza na Moontan ya 1973. Zile za miaka ya sitini ziache kwanza, vijana walikuwa bado wanawafuata Waingereza nyuma. Bendi yenyewe ilizaliwa hapa hapa Den Haag mwaka 1961, George Kooymans akiwa na miaka 13 na jirani yake Rinus Gerritsen 15. Baadaye Kooymans akamwoa dada yake Rinus, kwa hiyo gitaa na besi wakawa mashemeji! Mwimbaji Barry Hay, mzaliwa wa India, aliingia 1967, na Cesar Zuiderwijk akakalia drams mwaka 1970. Basi, hao wanne ndio wakawa bendi. Wengine walikuja wakapita.

Humo kwenye Moontan ndimo ilimo Radar Love. Dereva yuko barabarani usiku, usingizi umemlemea, na anahisi mpenzi wake anamwita bila simu wala barua. Wewe ni mpiga besi, kwa hiyo acha maneno, msikilize Rinus. Besi yake inatembea kama gari lililokwisha kushika mwendo, na gitaa linaingia pale tu linapohitajika. Kooymans angeweza kujaza kila nafasi kwa mbwembwe, lakini hakufanya hivyo. Mwenzenu huyo asikilize hapo mara mbili. (Jalada la kwanza lina mnenguaji aliyekaribia kuwa uchi, na Marekani wakaweka sikio lenye hereni badala yake. Bibi yako asilione.)

Wimbo huo ulishika namba 13 Marekani. Kule, bendi za Kiss na Aerosmith, zikiwa bado changa, zilipanda jukwaani kuwatangulia. Albamu zilizofuata, Switch na To the Hilt, hazikufika mbali huko, nami sioni ajabu, Switch ina ubaridi fulani. Kisha 1982 wakatoa albamu ya Cut, na wimbo wake Twilight Zone ukaingia kumi bora za Marekani. Kibao hicho alikitunga Kooymans.

Watu husema walishindwa Marekani. Mimi sikubali. Walirudi kwao wakajaza kumbi miaka nenda rudi, na 1992 wakakaa vitini na magitaa yasiyo ya umeme wakarekodi albamu ya The Naked Truth, nyumba nyingi za hapa zinayo. Jukwaani Cesar alikuwa akiruka juu ya drams zake, hata uzeeni.

Mwaka 2021 ikatangazwa kuwa Kooymans ana ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli. Wapiga gitaa wazuri Uholanzi hawakosekani, lakini wenzake hawakutafuta wa kushika nafasi yake. Bendi ikafungwa. Yeye alifariki Julai 2025.

Santuri nimempa shangazi yako, atafika Dar mwezi ujao. Mwite huyo mpiga gitaa, mpikie chai, na habari za nani analipwa ngapi zisubiri mpaka pande zote mbili za santuri ziishe. Sindano ya ile mashine yangu ya zamani ya kupigia santuri imechakaa, nunua nyingine kwanza usije ukaikwaruza santuri.

Baba yako