Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: turudishie Jumamosi zetu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam nyingi. Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya redio za ridhaa hapa wilayani kwako, Dar es Salaam. Kwa miaka sita tulikuwa tukikutana kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, saa 3 asubuhi, katika chumba cha nyuma cha ukumbi mmoja wa umma. Tangu Machi hatuna pa kukutania. Nimepeleka barua mbili kwa wahusika wa ukumbi, moja kwa mkono na nyingine kwa rejista, na sijapata jibu. Ndiyo maana leo nakuandikia wewe, tena hadharani, kwa kuwa naamini jambo hili si letu wanachama 14 peke yetu.

Kwanza nieleze sisi ni akina nani, maana wengi mtaani wanatuona na waya zetu na kujijibu wenyewe. Redio ya ridhaa ni kama ndondi za ridhaa: unapanda ulingoni kwa mapenzi, hulipwi. Wazee wanaiita simu ya upepo, na hawajakosea. Kila anayerusha sauti hewani lazima awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na jina lake la hewani linaloanzia 5H, alama waliyopewa Watanzania kimataifa. Hatuna ruhusa ya kufanya biashara hewani, kupiga muziki wala kuzungumza kwa mafumbo. Kanuni za dunia zinatutaka tuseme kwa lugha ya wazi, tujitaje, na yeyote mwenye redio atusikie. Nalisema hili mapema kwa sababu mwaka jana vijana wetu wawili walikamatwa na walinzi wa mtaa wakiwa na redio za mkononi na nakala za leseni zao mfukoni. Walikaa kwenye benchi hadi alfajiri. Mama wa mmoja wao hakulala, na mpaka leo hataki kijana arudi klabuni.

Sasa nikupeleke ndani ya kile chumba. Kina dirisha moja linalotazama mwarobaini. Kutoka kwenye mwarobaini ule hadi pembe ya paa tulitandaza waya wa shaba wa mita 20 na kidogo, tukaukata katikati, mita 10 huku na mita 10 kule, na katikati tukaunganisha kebo inayoingia dirishani. Hiyo ndiyo antena yetu ya megahezi 7. Haiko juu sana, na hatukutaka iwe juu. Ikiwa chini hivyo, mawimbi yanapanda wima karibu kilomita 300, yanakutana na ayonosfia, tabaka la anga la juu linalorudisha mawimbi, na kurudi chini kama mwavuli, yakifika Morogoro, Dodoma na Tanga bila mnara hata mmoja njiani. Anayeisikia sauti ya Dodoma kwa mara ya kwanza ikitoka kwenye waya alioukata kwa koleo yake mwenyewe, hasahau. Nimeona watu wazima wakinyamaza kabisa.

Mkutano wetu unaanza na betri. Kabla ya salamu, kabla ya chai, mtu mmoja anapima betri ya N70, kama ile ya gari, inayochajiwa na sola, anaandika namba kwenye daftari. Redio ya wati 100 hunyonya karibu ampea 20 kila ukibonyeza kuzungumza, kwa hiyo betri iliyozembewa mwezi mmoja itakuangusha siku unayoihitaji. Baada ya hapo ni mahudhurio ya hewani. Msimamizi anaita, kila kituo kinasubiri zamu yake, kinajitaja, kinasema kinawasikiaje wenzake, kinanyamaza. Linaonekana jambo jepesi. Jaribu kuwaweka watu kumi kwenye masafa mamoja, kila mmoja akiwa na haraka, ndipo utajua kunyamaza nako kunafundishwa.

Kisha tunapitisha ujumbe, na hapa Mheshimiwa naomba unisikilize kwa makini. Ujumbe unaandikwa kwenye karatasi, maneno yanahesabiwa, idadi inatajwa kwanza, anayepokea anaandika na kuusoma upya wote. Idadi ikipishana, mnarudia. Siku moja binti wa kidato cha tatu alituma ujumbe wa mazoezi: wagonjwa sita wahamishwe, kivuko kimesimama. Upande wa pili ukafika wagonjwa tisa. Idadi ya maneno ilikuwa sawasawa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka mpaka tulipolinganisha karatasi. Katika kelele za mawimbi mafupi, sita na tisa ni mapacha: herufi zile zile, s na t zimebadilishana nafasi tu. Tangu siku ile kila namba tunaihesabu kwa sauti, "sita: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita". Hakuna kitabu kilichotufundisha hilo, kwa sababu vitabu vya fani hii tulivyo navyo vimeandikwa kwa Kiingereza, ambako tatizo hilo halipo. Tulilipata kwenye meza yetu, Jumamosi, kwa kukosea pamoja.

Tuna mzee mmoja, mwanachama wetu mkubwa kuliko wote. Alikuwa afisa wa redio melini. Alishika zamu kwenye kilohezi 500, masafa ambayo meli za dunia nzima zilikuwa zikisikiliza wito wa hatari kwa Morse, yaani herufi kwa milio mifupi na mirefu, na akashuka nchi kavu karibu na tarehe 1 Februari 1999, mfumo mpya wa setilaiti ulipoanza kutumika kikamilifu. Anawafundisha vijana Morse kwa kugonga kijiko kwenye bilauri. Morse si sharti tena kimataifa tangu mwaka 2003, lakini vijana wenyewe ndio wanaoiomba, kwa sababu wameona inapita mahali ambapo sauti imekwama. Mzee huyo hana simu janja, hana gari. Chumba kile kilikuwa hatua chache kutoka kituo cha daladala, na ndiyo njia pekee aliyoweza kutufikia. Toka Machi nimemwona mara mbili tu. Mara ya pili aliniuliza, "Mwanangu, darasa limeisha?" Nikamwambia bado, babu. Sikujua niongeze nini.

Watoto nao wana sehemu yao. Fundi simu wetu, dada mmoja anayefanya kazi Kariakoo, aliwatengenezea antena ya kushika mkononi kwa bomba la PVC la maji na futi ya chuma ya fundi seremala iliyokatwa vipande. Mara chache kwa mwaka kituo cha anga cha kimataifa hutuma picha kwa njia ya sauti kwenye megahezi 145.800. Kinapita juu kama kilomita 400, na kuanzia kuchomoza mpaka kuzama una dakika kumi tu au chini ya hapo. Mtoto anakielekezea futi, mwenzake anashika simu yenye programu ya kugeuza mlio kuwa picha, na picha inajichora mstari kwa mstari kwa muda wa dakika mbili. Ya kwanza waliyoipata ilikatika katikati, nusu picha na nusu chenga. Waliichapisha wakaibandika ukutani. Ilipobidi tuhame, hiyo ndiyo waliyonikumbusha nisiisahau.

Nije kwenye hoja ya serikali. Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, siku kimbunga Hidaya kilipotua Mafia, ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Tulikuwa wanne tu chumbani, mvua inapiga bati. Tulikaa hewani kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa betri peke yake, tukiwasiliana na wenzetu wa bara kila saa. Sitakuambia tuliokoa mtu. Hatukuokoa, na hakuna ofisi iliyotuuliza chochote, kwa kuwa hakuna ofisi iliyojua kwamba tupo. Lakini mchana sauti yetu ilianza kufifia, na baada ya kuhangaika tukagundua maji yameingia kwenye kiungio cha kebo chini ya paa. Kiungio kile kilikuwa kibovu pengine kwa miezi. Tulikirekebisha siku ile ile, na tangu hapo kila kiungio tunakifunga kwa mpira wa tairi juu ya tepu. Siku nane baadaye, Jumapili ya tarehe 12 Mei, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, na intaneti ikayumba nchi nzima na kwa majirani zetu. Wengi walitazama simu zao wakidhani bando limeisha.

Wewe unaijua Dar es Salaam ya masika. Maji yakijaa Jangwani, Magomeni na Kariakoo zinakuwa miji miwili. Mafuriko ya Desemba 2011, mvua kubwa ambayo jiji halikuwa limeiona tangu mwaka 1954, yalichukua uhai wa watu, na yakasababisha familia nyingi za mabondeni kuhamishiwa Mabwepande. Mnara wa simu ni kitu kizuri, lakini unakula umeme, na jenereta lake linakula dizeli ya kuletwa kwa barabara. Barabara ikikatika, unahesabu saa.

Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga Bahari ya Hindi na kufika hata pwani yetu, visiwa vya Andaman vya India vilitengwa na bara. Huko Port Blair alikuwepo mama mmoja, Bharathi Prasad, mwana-redio wa ridhaa aliyekwenda na wenzake kwa shughuli za kawaida kabisa za wapenzi wa redio, kuzungumza na vituo vya dunia kutoka kisiwa adimu. Redio ilikuwa imeshaunganishwa, antena imeshasimama. Tetemeko lilipokata njia nyingine za mawasiliano, yeye na timu yake wakaanza kupeleka habari za walio hai kwa jamaa zao. Nimeisimulia hadithi hii kwa vijana mara nyingi, na kila mara nawauliza swali lile lile: je, kama redio ingekuwa ndani ya boksi?

Hata kabla ya tsunami ile, mwaka 2003, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva uliweka kwenye kanuni kifungu kinachozihimiza serikali kuviwezesha vituo vya redio za ridhaa kujiandaa na kuhudumia mawasiliano wakati wa maafa. Neno la kwanza pale ni kujiandaa. Sisi hatujui njia nyingine ya kujiandaa zaidi ya kukutana, mara mbili kwa mwezi, mahali pamoja, antena ikiwa juu na betri ikiwa imejaa.

Mwezi Machi tuliambiwa ukumbi utakodishwa Jumamosi zote kwa sherehe, na kwamba tukitaka kubaki tulipe Sh 150,000 kwa siku. Siwalaumu wanaofunga ndoa, na naelewa ukumbi unahitaji mapato. Lakini ukumbi wa mbele ndio unaokodishwa; chumba chetu cha nyuma sasa kinawekewa viti vibovu. Tulipokwenda kuchukua vitu, waya ulikuwa umeshakatwa na kuzungushwa kwenye fito. Tuliuchukua. Uko nyumbani kwangu, chini ya kitanda.

Ombi langu ni chumba, Mheshimiwa. Si lazima kiwe kile kile. Darasa la shule ya msingi lisilotumika Jumamosi, stoo ya ofisi ya kata, popote penye paa, mti au nguzo ya kufungia waya, na daladala karibu kwa ajili ya mzee wetu. Umeme hatuhitaji. Tutalipia uchafu tutakaouacha na kufuli tutakaloweka. Nitashukuru pia kama ofisi yako itaziandikia serikali za mitaa barua fupi ya kututambulisha, ili vijana wasilale tena kwenye benchi. Na kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya, unayoiongoza, ikifanya zoezi lolote, tuiteni. Tupeni ujumbe mmoja wa kweli, wenye majina na namba, tuupeleke mnakotaka, mkague kama umefika neno kwa neno.

Huna haja ya kuniamini kwa barua. Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao tutafunga antena kwa muda wa saa tatu kwenye uwanja wa wazi jirani na ofisi yako, kama tutapata ruhusa yako. Tutaanza saa 3. Mzee amekubali kuja, nitamfuata mwenyewe kwa bajaji. Watoto watakuwa na futi lao. Tutakuwekea kiti karibu na redio, na kwenye mahudhurio msimamizi atakapouliza kama kuna mgeni, tutakupa kipaza sauti utaje jina lako, na Dodoma watakujibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa klabu
Dar es Salaam