Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma, Kilwa

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu: Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunakukaribisha kwa furaha. Mwaka huu klabu yetu imejifunza habari za vimbunga, kwa sababu Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitufikia hapa nyumbani. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga, na abiria wakakwama huku na huku.

Ndugu Mgeni Rasmi, wengi tumekua tukiambiwa kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, si vya kwetu. Kauli hiyo ina msingi wake. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi. Mvuke hupanda, na unapogeuka mawingu na mvua huachia joto ulilobeba. Joto hilo huzidi kuipandisha hewa, na upepo wa pande zote hukimbilia pale palipobaki na mgandamizo mdogo. Mzunguko wa dunia huupinda upepo huo ukaanza kuzunguka. Karibu na ikweta mpindo huo ni hafifu mno, ndiyo maana ni nadra kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za latitudo. Mombasa iko nyuzi 4. Sisi Kilwa tuko karibu nyuzi 9, na hapo kinga imekwisha kupungua. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha meli za Sultan Barghash. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi.

Jambo lililotugusa zaidi ni hili. Upande wetu wa dunia kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kwa hiyo kikija kutoka mashariki, walio kusini mwa kitovu chake hupigwa na upepo utokao baharini, unaosukuma maji na mawingu ya mvua kuelekea nchi kavu. Hidaya kilipita Mafia tarehe 4 Mei, kaskazini yetu. Kilikuwa kimekwisha kupungua nguvu, na bado mvua yake ilitosha kubomoa barabara.

Tena kimbunga kina jicho, yaani kitovu ambamo upepo hutulia na pengine jua huonekana. Anayedhani bahari imekuwa shwari akashua chombo, upepo humrudia kutoka upande wa pili, kwa ukali uleule. Tunaomba kila nahodha alijue hili.

Ndugu Mgeni Rasmi, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya Hidaya mapema, na tunaishukuru kwa dhati. Tatizo ni mwendo wa mwisho wa habari hiyo. Mvuvi aliyeko dago, yaani kambi ya wavuvi, kisiwani, simu imezima chaji, ataisikia kwa nani? Vilevile Kimbunga Jobo cha Aprili 2021 kilidhoofika kabla ya kufika nchi kavu, na baadhi ya watu wakaona walitishwa bure. Sisi tunaamini tahadhari ile ilikuwa sahihi. Kimbunga kikiingia kwenye hewa kavu, au pepo za juu zikikivuruga, huweza kufifia kwa muda mfupi, na hakuna awezaye kukisubiri dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, ili ahakikishe.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, kila diko liwe na mlingoti wa bendera ya tahadhari na mtu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa fukwe, mwenye jukumu la kuipandisha na kupeleka habari madagoni. Sisi tuko tayari kuwaandikia ubao wa maelezo kwa maneno wanayotumia wavuvi wenyewe. La pili, shule ipatiwe kipima mvua na kipima upepo. Vipimo vya kila siku tutavichukua wenyewe, likizo ikiwemo, kwa zamu ambazo mwalimu mlezi amekwisha kuzipanga.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.