Ile picha ya mwezi wa Galileo ni feki

Mhariri, pole na kazi. Makala yenu ya Galileo nimeipenda, ila ile picha mliyoweka juu, mwezi wa rangi ya kahawia ndani ya ukurasa wa kitabu, ni ya kughushi, naomba muiondoe maana wanafunzi wangu wa fizikia wameshaanza kuirusha kwenye magrupu.

Kitabu chenyewe, Sidereus Nuncius, alichoandika Galileo kueleza aliyoyaona kwa darubini, kipo kweli, kilitoka Venice Machi 1610, nakala 550 hivi. Ila hiyo nakala mliyotoa picha, yenye michoro ya rangi na sahihi ya Galileo, ilijitokeza New York 2005, na wataalamu wakiongozwa na mwanahistoria wa sanaa Horst Bredekamp wa Berlin wakaipima karatasi, wino, kila kitu, wakasema ni halali kabisa, 2011 wakatoa vitabu viwili kuieleza. Sasa mwanahistoria mmoja, Nick Wilding, akauliza mbona mhuri wa maktaba uliogongwa kwenye nakala hiyo haufanani na mihuri ya vitabu vingine vya mwenye maktaba huyohuyo, halafu akaona ukurasa wa kwanza una kasoro za chapa ambazo nakala za kweli hazina. 2012 ikawa hadharani kwamba nakala hiyo ni ya kughushi. Walewale waliokosea wakarudi kuipima upya na 2014 wakatoa kitabu cha tatu kueleza walivyodanganyika, na mimi kwa hilo nawaheshimu sana.

La pili. Mmeandika Galileo aliona milima ya mwezi kwa sababu alikuwa na darubini, basi. Jamani, Thomas Harriot wa Uingereza aliuchora mwezi kwa darubini Julai 1609, miezi kadhaa kabla ya Galileo, na mchoro wake upo, ni mstari tu uliopinda pinda kati ya sehemu nyeupe na nyeusi, hakuna mlima wala shimo. Ni kweli darubini yake ilikuza mara 6 na ya Galileo kama mara 20, hilo lina uzito wake. Lakini Galileo alikuwa mtu wa kuchora, kivuli anakijua, alipoona vidoa vya mwanga upande wa giza akaelewa hapo ni vilele vimeshapata jua, kama mlima alfajiri unavyong'aa juu huku bondeni bado usiku, akakaa akapiga na hesabu ya urefu wake. Harriot alipochora tena 1610, wakati huo kitabu cha Galileo kimeshatoka, mashimo ndo yakaonekana kwenye karatasi yake! Na 1613 chama cha wasanii wa Florence, Accademia del Disegno, kilimpokea Galileo kuwa mwenzao. Rafiki yake mchoraji Cigoli alishamchora Bikira Maria kwenye kanisa la Santa Maria Maggiore kule Roma, kazi aliyoimaliza 1612, kasimama juu ya mwezi wenye mashimo kama ya kwenye kitabu.

Kwa hiyo mkirekebisha, chukueni michoro ya kweli ya Galileo mwenyewe, ipo Maktaba ya Taifa ya Florence, nayo ni ya rangi ya kahawia hivyohivyo kwa hiyo angalieni vizuri msichanganye tena, na pembeni wekeni ule wa Harriot wa 1609 ili msomaji aione tofauti kwa macho yake.

Mwalimu wa sekondari