Kabla hujanunua AC kubwa zaidi, tuikague nyumba kwanza

Wateja wengi wa hapa Dar wanatupigia wanasema chumba hakipoi, AC iko 18 usiku kucha, units za Luku zinaisha kama maji, na fundi ashawaambia wabadilishe waweke kubwa zaidi, ya BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya AC kupoza). Jamani subirini kwanza. Mara nyingi shida iko kwenye nyumba yenyewe, hasa hizi za siku hizi za paa la kuficha, zile ukuta unapanda hadi bati halionekani. Zinapendeza kweli, ila paa halitokezi nje kukinga ukuta, kwahiyo jua linapiga bloku mchana kutwa, bloku zinatunza lile joto halafu zinakuja kulitoa ndani usiku wakati umelala.

Upande wa magharibi ndo balaa zaidi. Jua la saa sita linakuwa juu, paa likitokeza kidogo tu dirisha la kaskazini au kusini linapata kivuli, lakini la saa kumi linakuja chini chini linaingia mpaka kwenye makochi, na pazia halisaidii sana maana joto lishavuka kioo. Kivuli kinatakiwa kiwe nje.

Halafu kuna hili watu wengi hawalijui, mwili hausikii joto la hewa peke yake. Bati likichemka, dari ya jipsamu iliyo chini yake nayo inapata moto na inakushushia joto kichwani, ndo maana hewa ya chumbani ni 24 na wewe bado unatoka jasho. Hapo ukiongeza AC unaongeza bili tu.

Sisi tunakuja saa tisa alasiri, nyumba ikiwa imechemka. Tunapima joto la dari na kuta, tunawasha udi tuone moshi unaelekea wapi (madirisha ya kuslaidi yanafunguka nusu tu, na upepo ukiingia lazima upate pa kutokea), tunaangalia kama juu ya dari kuna matundu ya hewa. Kama foili (ile karatasi ya kung'aa inayowekwa chini ya bati kuzuia joto) ishawekwa tunaangalia imewekwaje, maana ikibanwa kwenye bati bila nafasi ya hewa haifanyi kazi yake. Mita unaweza kuisoma mwenyewe leo, andika units kabla ya kulala na ukiamka, utajua usiku mmoja unakula ngapi.

Na kama bado uko kwenye ramani, njoo nayo kabla hujachimba msingi, tuone sebule na vyumba vya kulala vinatazama wapi kwenye kiwanja chako.