Mlimau Wenu Usiwe Kuni

Jinja

Ndugu yangu Yusufu,

Assalaam alaikum. Natumaini Mama na watoto hapo Kasese ni wazima. Sisi huku tu salama. Nakuandikia kwa haraka baada ya kimya kirefu, kwa sababu Baraka amenieleza kwamba mnataka kuuangusha mlimau wa nyuma ya nyumba ili muongeze chumba. Nakusihi, shina lake lisipelekwe jikoni.

Unajua kwamba natengeneza vidani na hereni zenye picha zilizoundwa kwa vipande vya mbao, na kwamba wateja humwomba korongo taji kuliko ndege mwingine yeyote. Picha nzima haizidi ukucha wa kidole gumba. Weusi wa kichwa na weupe wa shavu nimeupata katika gogo moja la mpingo, kwa kuwa kiini chake ni cheusi na sehemu iliyo karibu na gome ni nyeupe. Taji lake la manyoya ya dhahabu ndilo linaloninyima usingizi. Mbao ya mfenesi, ambayo kila mtu hunishauri, ina manjano ya kuvutia inapopasuliwa, lakini mwanga huigeuza kuwa ya hudhurungi, na vitundu vyake, visivyomsumbua mtu katika meza au mlango, huonekana kama mitaro kipande kinapokuwa chembamba kuliko punje ya mchele. Mlimau ni mgumu, nyuzi zake ni laini, na manjano yake ni mepesi. Kijana wa karakana angependa tukate kwa leza, lakini leza huunguza ukingo, na mstari mweusi kando ya unyoya wa dhahabu siwezi kuukubali. Ninapotaka kivuli, nakichovya kipande mwenyewe katika mchanga uliopashwa moto kikaangoni, nikiamua weusi uishie wapi.

Kwa hiyo naomba shina likatwe vipande vyenye urefu wa mkono, bila kupasuliwa wala kumenywa gome, na ncha zote mbili zipakwe nta ya mishumaa siku hiyo hiyo, maana maji hutoka upesi kupitia nchani na mti ukapasuka. Viwekwe kivulini penye hewa. Matawi yaliyopinda waachieni wapishi. Mbao ya matawi hayo hujikunja baadaye. Shina moja la mlimau litanitosha kwa miaka mingi, kwani ubao ninaoutumia hauzidi milimita moja kwa unene, na ndiyo sababu naumia kufikiri kwamba lingeishia kuchemsha maharagwe.

Je, fundi wa ujenzi anaanza lini? Shina lina unene gani, na limeliwa na wadudu? Kondakta wa basi yule wa zamani bado anapita njia hiyo, aniletee vipande hivyo, nami nimlipe huku akifika? Na Mama, ambaye naamini aliupanda mwenyewe, ameridhia ukatwe? Akipenda, nitamtengenezea kidani cha kwanza.

Wasalaam,
Idi